Barua ya wazi: Colne haikujengwa iwe mwisho wa reli

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, London
Mheshimiwa Meya wa York na North Yorkshire
Waheshimiwa wajumbe wa Mamlaka ya Pamoja ya Kaunti ya Lancashire
Wakurugenzi wa Transport for the North

YAH: PENGO LA RELI KATI YA COLNE NA SKIPTON

Waheshimiwa,

Naomba niingie moja kwa moja kwenye hoja. Kati ya Colne iliyoko Lancashire na Skipton iliyoko North Yorkshire kuna pengo la reli la kama kilomita 18 na nusu. Treni ilipita hapo kuanzia mwaka 1848 hadi Februari 1970, kisha vyuma vikang'olewa. Tangu hapo, treni itokayo Preston hufika Colne na kugeuza. Za Leeds hufika Skipton, nyingine zikaendelea hadi Carlisle. Kwa gari, kutoka mji mmoja hadi mwingine ni kama nusu saa. Kwa treni, inabidi uteremke hadi Accrington, ubadili, uvuke milima kwenda Leeds kupitia Bradford, kisha ubadili tena urudi juu hadi Skipton. Ukibahatika na viunganishi vyote ni kama saa tatu. Ukikosa kimoja, heri ungebaki kitandani.

Nakala ya Kiingereza mmeshatumiwa maofisini. Hii naiweka hadharani kwa Kiswahili kwa sababu mjadala wa reli hii, kwa miaka mingi, umekuwa wa wenyeji waliozaliwa nayo na wanaoikumbuka ikipita. Mungu awabariki. Kikundi chao cha SELRAP kimeipigania tangu 2001, na bila wao jambo hili lingekuwa limeshasahaulika. Lakini ukienda kituo cha basi saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mvua ikikupiga ubavuni, siku hizi utawakuta na Watanzania, Wakenya na Wakongo, wenye zamu za kutunza wazee upande wa pili wa kilima. Sisi hatuna kumbukumbu yoyote ya treni hiyo. Tuna zamu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Milima ya Pennines imeigawa kaskazini mwa Uingereza kwa mgongo mmoja mrefu: Lancashire magharibi, Yorkshire mashariki. Anayetaka kuvuka hana budi kupanda, ila katika sehemu chache ambapo mgongo huo umeshuka. Pa chini zaidi ni Aire Gap, uwazi ulioko kati ya bonde la mto Aire pale Skipton na mabonde yanayoteremka kuelekea Colne na Burnley. Colne imekaa mlangoni mwa uwazi huo, juu ya ukingo mwembamba wa kilima. Barabara yake kuu, Albert Road, inafuata ukingo huo kwa juu, na vichochoro vya nyumba za mawe vinateremka pande zote mbili kwa mteremko unaomtoa jasho hata kijana. Kusini unapita mto mdogo wa Colne Water. Magharibi kuna mlima Pendle, mita 557, ambao unaonekana vizuri siku ambayo hakuna mawingu, na siku hizo hazizidi.

Wachimba mfereji waliuona uwazi huu kabla ya watu wa reli. Mfereji wa Leeds na Liverpool, wenye urefu wa kilomita 204, ulianza kuchimbwa mwaka 1770 na haukukamilika hadi 1816. Fedha zilikatika, vita vikaingilia, lakini kulikuwa pia na ugomvi wa pande mbili. Watu wa Yorkshire walitaka kufikia mawe ya chokaa ya Craven, eneo la Skipton. Watu wa Liverpool walitaka makaa ya mawe ya Wigan. Kila upande ukavutia mfereji kwake. Mwishowe ukapita Barrowford, ambako mashua hupandishwa kwa milango saba ya maji, ukaingia Foulridge, juu kidogo ya Colne, ndani ya handaki la karibu mita 1,500 lililofunguliwa mwaka 1796.

Handaki hilo halina njia ya farasi. Zamani farasi alifunguliwa na kupitishwa juu ya kilima, na wanaume wakalala chali juu ya mashua, wakasukuma kuta kwa nyayo zao gizani hadi upande wa pili. Hapa kuna kisa ambacho hakuna mgeni asiyesimuliwa. Mwaka 1912 ng'ombe mmoja aitwaye Buttercup alitumbukia mferejini upande wa Barrowford, na badala ya kurudi alikotoka akaamua, kwa sababu anazozijua mwenyewe, kuogelea handaki zima. Akatokea Foulridge yu hoi. Wakamnywesha brandi, akapona. Namwonea gere ng'ombe huyo kila ninapotazama ratiba ya treni: alivuka moja kwa moja, bila kupitia Leeds.

Mfereji ule, pamoja na ugomvi wake wote, ulichukua miaka 46. Pengo la reli limeshapita miaka 55. Babu zenu waliokuwa na sururu, koleo na baruti walipatana mapema kuliko ninyi.

Reli ilipokuja haikuchukua muda. Kutoka upande wa Skipton ilifika Colne Oktoba 1848. Kutoka upande wa Burnley, kampuni nyingine, East Lancashire Railway, ikafika Februari 1849, na vyuma vya kampuni hizo mbili vikaungana hapohapo Colne. Njiani, upande wa kuelekea Skipton, kukawa na vituo vya Foulridge, Earby, Thornton-in-Craven na Elslack, na mwaka 1871 likaongezwa tawi la kwenda Barnoldswick. Kwa hiyo ninaposema Colne haikujengwa iwe mwisho wa reli, sipigi chuku. Ndipo hasa reli mbili zilipokutana, na mji mzima ukakua kwa sababu ya mkutano huo.

Ulikua kwa nini? Kwa nguo. Colne ulikuwa mji wa soko na wa vitambaa vya sufu kabla pamba haijafika. Mwaka 1775 ulijengwa ukumbi maalum wa kuuzia vitambaa hivyo, jengo ambalo leo halipo. Karne ya 19 pamba ikameza kila kitu. Unyevu wa huku, ambao sisi tuliotoka pwani na nyika tunaulalamikia kila uchao, ulikuwa rafiki wa uzi: pamba hukatikakatika kwenye hewa kavu. Makaa ya mawe yalichimbwa jirani, Burnley. Kusokota kulifanywa zaidi kusini, Oldham na Bolton. Colne, Nelson na Burnley walipokea uzi na kutoa kitambaa. Nelson, kwa taarifa yenu, haukuwa hata mji kabla ya reli. Ulianza na nyumba ya wageni yenye jina hilo, kituo cha treni kikachukua jina la nyumba hiyo, na mji ukachukua la kituo.

Anayetaka kuonja maisha hayo aende Queen Street Mill, huko Harle Syke, Burnley, kiwanda kilichofuma kwa mvuke hadi mwaka 1982. Mamia ya mitambo ya kufumia bado imepangwa safu kwa safu ndani ya ukumbi mmoja. Kengele ya mlango hapo haikuwa na kazi: mitambo ikiwaka hata mtu akipiga kelele sikioni mwako humsikii, kwa hiyo wafumaji, wengi wao wanawake, walisoma midomo na kuzungumza kwa kuikunja na kuitanua hewani. Wapo wazee wa huku ambao bado huchezesha midomo kupita kiasi wanapokueleza jambo muhimu. Barnoldswick nako, kiwanda cha Bancroft kilizimwa mwaka 1978, lakini injini yake ya mvuke ilihifadhiwa na huwashwa siku za maonyesho. Gurudumu lake kubwa linazunguka taratibu, kamba zake zikipepea, na mafuta ya moto yananukia hadi nje.

Sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa watazamaji wa mbali wa viwanda hivi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatia Lancashire pamba, na mji baada ya mji ukalala njaa. Somo hilo halikusahaulika. Mwaka 1902 wenye viwanda waliunda chama cha kuhimiza kilimo cha pamba ndani ya himaya, na Uganda ikawa mojawapo ya mashamba yao. Pamba ilivushwa ziwani hadi Kisumu, ikapakiwa kwenye reli hadi Mombasa, ikaingia merikebuni. Nguo zikarudi zikiwa mabunda, bibi zetu wakazinunua Unguja na Mombasa. Kwa hiyo nikiwauliza kuhusu reli ya Colne siingilii mambo ya watu. Mabega ya wakulima wa Busoga yamo kwenye hesabu ya mji huu.

Sasa njooni kituoni. Kituo cha Colne leo ni jukwaa moja na kibanda cha kujikinga mvua, chini kabisa ya mji. Kabla ya kuingia, treni huvuka daraja la mawe lenye matao, Primet, juu ya Colne Water. Reli ni njia moja tu kutoka makutano ya Gannow, Burnley, hadi hapa, kwa hiyo treni moja kwa saa ndiyo riziki yetu. Ikisimama, dereva huzima, huchukua mkoba wake, hutembea jukwaani hadi kichwa cha upande wa pili, na kukaa kusubiri saa ya kurudi alikotoka. Mbele yake, pale ambapo reli ingeendelea, kuna kizuizi na uzio. Abiria wa Skipton anapanda mlima kwa miguu kutafuta basi.

Basi lipo, na madereva wake ni watu waungwana. Lakini linapita barabara ileile ya A56 inayopitwa na malori yote, ndani ya Foulridge na Earby, ambako nyumba zimekaa ukingoni mwa lami. Theluji ikianguka kidogo tu, mambo yamekwisha. Niliwahi kuajiriwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee upande wa Yorkshire. Mwajiri alikata mshahara kwa kuchelewa robo saa, na barabara haikuwa na habari na mkataba wangu. Nikaacha. Aliyechukua nafasi yangu alikuwa na gari. Ndivyo kazi zinavyogawanywa huku: mwenye gari anachagua, asiye nalo anachaguliwa.

Mtasema Colne ina barabara kuu ya M65. Ndiyo, na nayo inaishia hapahapa. Inatoka karibu na Preston, inapita Blackburn na Burnley, ikifika Colne inaishia kwenye mzunguko, na magari yote yanamwagwa Vivary Way na North Valley Road, taa baada ya taa, duka kubwa baada ya duka kubwa. Jioni foleni hiyo haina mjanja. Mji mmoja umefanywa mwisho wa reli na mwisho wa barabara kuu kwa wakati mmoja, ilhali umekaa kwenye kivuko rahisi kuliko vyote vya milima ile. Kama mna mantiki iliyopanga hivyo, mimi sijaiona.

Kuna mambo mawili ambayo reli ingeyabadilisha mara moja, na wala si ya watalii.

La kwanza ni hospitali. Hospitali ya Airedale iko Steeton, kusini mwa Skipton, karibu na kituo cha Steeton na Silsden. Inahudumia pia watu wa upande huu wa Lancashire, wakiwemo wa Barnoldswick na Earby. Mama mjamzito au mzee mwenye miadi ya macho, asiye na gari, anakwenda kwa mabasi ya kubadilisha. Treni ikipita Colne hadi Skipton na kuendelea bonde la Aire, inamshusha jirani na hospitali. Waganga, wauguzi na wafagiaji wa hospitali hiyo nao ni watu wanaosafiri.

La pili ni kazi. Mwaka 1943 Rolls-Royce walichukua Barnoldswick kazi ya injini ya jeti iliyokuwa ikifanywa ndani ya kiwanda cha zamani cha kufuma, Bankfield. Injini zao nyingi zikapewa herufi RB, yaani Rolls na Barnoldswick, na RB211 ikabeba ndege kubwa za abiria dunia nzima. Kama uliwahi kupanda Boeing 747 yenye injini hizo, ulikuwa umebebwa na jina la mji mdogo ambao tawi lake la reli lilifungwa mwaka 1965 na ambao hata barabara ya daraja la A haiupiti. Mji uliowarusha watu angani umeachiwa vibarabara. Vijana wa Colne na Nelson wanaotafuta ufundi huko, na vijana wa Earby wanaotaka vyuo vya Leeds na Bradford, wanakwamia kwenye kilomita zilezile 18 na nusu. Na Skipton si kituo cha porini. Reli ya kutoka Leeds iliwekewa umeme miaka ya 1990, treni ni nyingi, hata ya moja kwa moja hadi London ipo.

Najua hoja zinazosubiri mezani kwenu. Ya kwanza ni fedha. Mwaka 2020 serikali iliyopita ilitangaza mfuko wa pauni milioni 500 wa kurudisha reli zilizofungwa. Julai 2024 serikali hii ikaufuta. Sibishi kwamba hazina ina mashimo. Ninachobisha ni kule kusema kwamba reli zilizokufa hazifufuki. Skipton penyewe mnao ushahidi: reli ya Settle hadi Carlisle ilikuwa imeandikiwa kifo miaka ya 1980, daraja la Ribblehead na matao yake 24 likitajwa kuwa mzigo usiobebeka. Watu wakapinga, na mwaka 1989 serikali ikaachana na mpango wa kuifunga. Leo hakuna waziri anayethubutu kuligusa daraja hilo, zaidi ya kupiga nalo picha.

Burnley nako walikosa kipande kifupi mno cha reli, kona ya Todmorden, na kukosekana kwake kulifanya treni za moja kwa moja za kwenda Manchester zisiwezekane. Kilirudishwa, na Mei 2015 treni zikaanza. Okehampton kusini-magharibi walirudishiwa treni ya kila siku Novemba 2021. Desemba 2024 treni za abiria zilirudi Ashington kwenda Newcastle, baada ya kukosekana tangu 1964. Hiyo ya Ashington, tuseme ukweli, ilizidi bajeti, na baadhi ya vituo vilichelewa kufunguliwa. Lakini abiria walizidi matarajio. Ashington ni mji wa makaa ya mawe yaliyokwisha, Colne ni wa pamba iliyokwisha. Sioni kwa nini mmoja astahili na mwingine aambiwe asubiri.

Mimi nimezaliwa Korogwe, kwenye reli ya Tanga. Treni ya abiria ya kwenda Moshi ilisimama miaka ya 1990. Nyasi zikaota, mataruma yakaliwa na mchwa, wauza machungwa wakahamia stendi ya basi, na sisi watoto tukakua tukiambiwa kwamba mambo ya treni yamepita. Desemba 2019 ikarudi. Haikurudi kwa fahari: siku chache kwa wiki, mwendo wa taratibu, mabehewa ya zamani. Lakini ilijaa. Hazina ya Tanzania mnaijua, na yenu mnaijua. Kwa hiyo naomba msinieleze habari ya umaskini.

Hoja nyingine ni kwamba mwaka 2018 Wizara ilishatangaza upembuzi yakinifu, kwa hiyo "jambo linafanyiwa kazi". Waheshimiwa, upembuzi juu ya upembuzi umekuwa mahali pa kulaza jambo hili. Kila baada ya uchaguzi anakuja mtu na kofia ya usalama, anapigwa picha kwenye tuta la reli ya zamani, anasema "ni reli muhimu kwa kaskazini", anaondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayerudi London jioni ileile hajui uzito wa kusubiri basi lililofutwa Earby mwezi wa Januari.

Wapo pia wanaotaka tuta la reli lifanywe njia ya baiskeli, na waliowahi kupendekeza barabara ya kuchepusha A56 ipite juu yake. Njia ya baiskeli sina ugomvi nayo, mradi iwekwe pembeni. Barabara ni jambo lingine. Mkishamwaga lami juu ya tuta, hakuna waziri atakayeibandua, na huo ndio utakuwa uamuzi wa kuifunga reli milele, uliofanywa na idara ya barabara bila mtu kuutaja kwa jina lake.

Na hapa ndipo penye kiini cha matatizo, kwa maoni yangu: mpaka. Zamani Earby na Barnoldswick zilikuwa Yorkshire. Mwaka 1974 zikahamishiwa Lancashire. Mstari ukasogea, lakini tabia ikabaki ileile. Colne yuko na Lancashire, Skipton yuko na North Yorkshire, na treni zinazofika Skipton zinawahusu zaidi West Yorkshire. Kila mamlaka ikipanga vipaumbele vyake, reli hii inakuwa ya tano au ya sita, kwa kuwa nusu ya faida yake inaangukia kwa jirani. Lancashire haitaki kulipia njia ya kupeleka wafanyakazi Leeds. North Yorkshire, yenye vijiji na mabonde mengi ya kuhudumia, haina haraka ya kujenga reli ya kwenda Burnley. Hakuna anayeikataa. Hakuna anayeishika. Waliochimba mfereji waligombana waziwazi kuhusu njia, na mgomvi ukimjua unaweza kumsuluhisha. Ninyi mnaheshimiana mno.

Ninayoyaomba kwa mwaka huu hayahitaji mabilioni. Lindeni tuta lote, kutoka kituo cha Colne hadi Skipton, kwa kauli moja ya pande zote mbili za mpaka, ili asipewe mtu kibali cha kujenga ghala au barabara juu yake wakati mkiendelea kufikiri. Pale ambapo limeshazibwa au kukatwa, semeni wapi na njia mbadala ni ipi, kwa ramani ambayo mwananchi anaweza kuisoma. Teueni ofisi moja yenye jina na simu itakayoubeba mradi huu kwa kaunti zote, na kama shirika jipya la reli la taifa mnaloliunda ndilo litakalofanya hivyo, liandikiwe wajibu huo tangu siku ya kwanza. Toeni hadharani kila hesabu mliyonayo, na hesabu hiyo isiwe ya abiria wa leo wa Colne peke yao, maana abiria wa mwisho wa reli hawawezi kuwa kipimo cha abiria wa njia inayopita. Kingo za mto bila daraja huwezi kuzihesabia wavukaji.

Na hadi vyuma vitakaporudi, fanyeni basi la Colne hadi Skipton liwe sehemu ya reli kwa vitendo: tiketi moja, ratiba inayoisubiri treni ikichelewa, na liandikwe kwenye ubao wa vituo vyote viwili. Likifutwa, abiria ajulishwe kama anavyojulishwa wa treni. Hili hata Desemba hii, ratiba zinapobadilishwa, linawezekana.

Kuhusu reli yenyewe nataka jibu la ndiyo au hapana, na tarehe. Hapana naweza kuivumilia. Nitajua kwamba nijifunze kuendesha gari, au nihame, na wazee wa SELRAP watajua wa kumwandikia. Jibu la "tunalitafakari" tumelisikia chini ya mawaziri wa vyama vyote, na sidhani kama lina herufi mpya iliyobaki.

Mkija kuliona tuta, naomba mje kwa treni. Shukeni Colne saa kumi jioni, Jumanne ya kawaida, bila gari la wizara likiwasubiri nje, na mseme mnataka kulala Skipton.

Wenu katika ujenzi wa taifa mlilotukaribisha,

Mkazi wa Colne, mzaliwa wa Korogwe